Upinde wa mvule wenye mgongo wa mwanzi: shajara ya karakana, Mbale, Uganda

Januari, kiangazi

Mwanzi umekatwa leo asubuhi. Ni ule mwanzi mkubwa wa kijani ambao watu wa huku huupanda kandokando ya mito na kwenye mipaka ya mashamba; wataalamu wa mimea huuita Bambusa vulgaris. Mwenye shamba alitaka shilingi 10,000 kwa shina zima, akauliza ni banda gani la kuku linalojengwa kwa mwanzi mmoja. Nilipomwambia ni upinde wa mishale, alinitazama kama mtu aliyeombwa mkopo.

Shina hili lina kipenyo cha karibu sentimita 10. Sehemu ya chini kabisa nimemwachia, maana huko mafundo yamebanana mno, nikachukua kipande kinachofuata. La kwanza kuangalia ni umri. Mwanzi wa mwaka mmoja au miwili umejaa maji na bado ni laini. Wa miaka mitatu hadi mitano ndio uliokomaa. Unaujua kwa macho na masikio: maganda yanayofunika pingili yameanguka yote, ngozi imepoteza mng'ao na kuota madoa meupe, na ukiugonga kwa mgongo wa panga unalia kavu.

Kuna jirani aliyeniuliza kwa nini sikupanda Mlima Elgon, ambako mwanzi umejaa msitu mzima. Sababu ni mbili. Mwanzi wa mlimani, unaoota kuanzia kama mita 2,400 hivi kwenda juu, una ganda jembamba; ni mzuri kwa uzio, vikapu na paa, lakini ukishauranda upande wa ndani uwe bapa hakibaki kitu cha maana. Halafu msitu ule uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon tangu 1993, na si mahali pa kuingia na panga kwa sababu ya hamu ya upinde. Watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wana makubaliano yao ya kuchuma. Mimi mwanzi wa mlimani naujua zaidi nikiwa mezani, ukiwa bado chipukizi: malewa yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa na karanga za kusaga. Hapo sina ubishi nao.

Januari, siku chache baadaye

Nimepasua. Panga lililokaa sawasawa kwenye ukingo, nyundo ya mbao, na mwanzi unajifungua wenyewe hadi mwisho. Kutoka kwenye shina lote nimepata fito mbili tu za kunitosheleza, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 185. Nyingine zina kona kidogo kwenye kila fundo, tabia ya mwanzi wa aina hii, na kona hiyo haiondoki hata uipashe moto.

Nilichokuwa nikitafuta ni mpangilio wa mafundo. Upinde una mikono miwili na kishikio katikati. Fundo likiwa mahali fulani kwenye mkono wa juu, napenda liwe karibu na mahali hapohapo kwenye mkono wa chini. Fundo ni gumu kuliko pingili, hivyo mkono wenye mafundo matatu na mkono wenye mafundo manne havikunji sawa. Unaweza kurekebisha baadaye kwa randa, ila kwa nini ujitafutie kazi?

Kuta za ndani za mafundo nimezitoa kwa patasi, kingo nimezipunguza kwa randa. Fito zimewekwa juu ya jiko la kuni nyumbani, kwenye moshi, jirani na mahindi ya mbegu. Mwanzi huu una wanga mwingi na bungua wanaupenda. Usipoulinda, baada ya miezi kadhaa unakuta unga mweupe chini yake na vitundu kama vya sindano. Wenye viwanda hutumia boraksi. Moshi ni wa bure.

Uzito wa ufito ulio bora zaidi leo: gramu 430.

Februari

Mbao ya tumbo (upande wa upinde unaomtazama mvutaji; ule wa pili ni mgongo) imepatikana bila kwenda kwa wauza mbao. Nyumba moja ya duka ya zamani, zile zenye baraza mbele na milango ya kukunja, imevunjwa mjini, na miimo yake ya milango ni mvule mtupu. Nimechukua mwimo mmoja. Mvule mpya siku hizi ni adimu na bei yake haisemeki, na hata ukiupata, umekatwa juzi na bado unatoa maji. Huu umekaa mlangoni miongo mingi, ukavu wake hauna shaka.

Kabla ya kupitisha msumeno nimeupitisha sumaku ubao wote kutafuta misumari iliyovunjikia ndani. Ilikuwepo. Ila adui mwingine wa msumeno haonekani kwa sumaku: ndani ya mvule hujengeka mawe madogo, chokaa iliyoganda humohumo kwenye mti, na meno ya msumeno yakigonga hapo yanaisha mara moja. Vumbi lake nalo ni baya, linawasha ngozi na kubana kifua. Nimemlazimisha kijana wangu wa kazi kufunga kitambaa puani na mimi nimefunga. Mama mmoja aliyeleta kabati alidhani tuna mgonjwa ndani.

Ubao uliotoka: urefu sentimita 180, upana milimita 45, unene milimita 18. Nyuzi zake zinapishana, tabaka moja linaelekea kushoto na linalofuata kulia, kama ilivyo kawaida ya mvule. Kwa upinde wa mti mmoja ubao huu ningeutupa. Upinde wa mti mmoja unataka uzi usiokatika kutoka ncha hadi ncha upande wa mgongo; ndiyo maana wachonga pinde wa Afrika Mashariki huchukua kijiti kizima cha mti kama mkole, wakafuata umbile lake bila kukata mgongo wake. Mbao ya msumeno haina bahati hiyo. Mwanzi unampa mtu wa mbao za msumeno mgongo ambao haujakatwa popote.

Machi, mwanzoni

Ufito: gramu 291, na haujabadilika tangu nilipoupima mara ya mwisho. Umekauka kadiri hewa ya Mbale inavyoruhusu.

Sasa vipimo. Naandika na sababu zake, kwa kuwa hapa ndipo upinde unapofaulu au kufa, hata kabla ya gundi.

Mgongo wa upinde ni upande unaoitazama shabaha. Tumbo ni upande unaomtazama mvutaji. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyuzi za mwanzi zimesongamana zaidi kwenye ngozi ya nje, na zikivutwa ni vigumu mno kuzikata. Watu wakisikia hivyo hufurahi na kubandika ufito mnene, wakidhani wanaongeza nguvu. Matokeo yake mgongo unagoma kunyooka, na kazi yote ya kukunja inalibebesha tumbo. Mbao ya tumbo ikielemewa haivunjiki kwa kishindo. Inajikunja ndani kwa ndani, unaona vistari vyembamba vinavyokata upana wa mkono, upinde unalegea na kubaki umepinda hata ugwe, yaani kamba ya upinde, ukitolewa.

Wachongaji wa Marekani huliepuka hilo kwa kutumia ipe ya Amerika Kusini tumboni, mbao nzito inayopita kilo 1,000 kwa mita ya ujazo na kuzama majini. Mvule una kilo 650 hivi. Siwezi kuufanya mvule uwe ipe. Ninachoweza ni kumpunguza mwanzi: mwembamba kwa unene, mwembamba kwa upana, mpaka pande mbili zilingane. Mradi mzima kwangu uko hapo, mengine ni useremala wa kawaida.

Kwa hiyo: tumbo upana milimita 42 kutoka kishikioni hadi katikati ya mkono, kisha linapungua hadi milimita 12 nchani. Mwanzi upana milimita 36 tu, ili mkono ukikatwa kukingama uonekane mpana tumboni, mwembamba mgongoni. Shina la kipenyo cha sentimita 10 likitoa ufito wa milimita 36, mgongo wake wa mviringo unapanda milimita tatu na kitu kuliko kingo. Nikiacha unene wa milimita 5 katikati, kingo zinabaki na milimita moja na nusu. Inatosha. Kuelekea nchani nitashuka hadi 3.5.

Mikono ni bapa, si ya mviringo. Clarence Hickman, mwanafizikia wa maabara za Bell huko Marekani aliyezipima pinde kisayansi karne iliyopita, alitetea mkono bapa wenye pembe nne dhidi ya ule wa Kiingereza wenye tumbo la duara, kwa kuwa kwenye bapa mzigo unagawanyika upana wote badala ya kukaa kwenye ukingo mmoja.

Jambo jingine la kukumbuka wakati wa kupunguza: ugumu wa mkono unafuata unene mara tatu, yaani unene kwa unene kwa unene. Upana ukipungua kwa sehemu ya kumi, ugumu unapungua kwa sehemu ya kumi. Lakini ukitoa milimita moja tu kwenye milimita 15, umeondoa karibu asilimia 19 ya ugumu. Randa iliyokazwa vibaya inaweza kula ratili tano kwa mikwaruzo michache.

Urefu kati ya kikato cha ugwe na kikato: inchi 68. Kuvuta: inchi 28. Lengo: ratili 40, yaani kilo 18. Inchi na ratili nimezibakiza kwa kuwa wapiga mishale wengi duniani hupima hivyo. Mizani yangu ni ya kilo.

Machi, kabla mvua haijaanza

Tumegandisha leo.

Kalibu nimeichonga kwenye ubao wa mkaratusi. Ncha zake zimeinuka sentimita 5 kuelekea upande wa mgongo, yaani kinyume na mkunjo wa upinde ukishafungwa ugwe. Ufito na ubao vikigandishwa vimekunjwa hivyo, tumbo linaanza maisha likiwa limenyooshwa kidogo. Upinde ukivutwa, sehemu ya kwanza ya mkunjo inarudisha tu ule mnyoosho, na kubanwa kwenyewe kunaanza baadaye. Kwa mbao dhaifu kama yangu, huo ni msaada wa kweli, na hauna gharama zaidi ya kuchonga kalibu.

Upande wa ndani wa mwanzi nimeuranda mpaka ukakaa bapa juu ya kioo cha dirisha bila kuyumba. Upande wa nje sikuugusa, isipokuwa kukwangua ile nta ya juu kwa kisu. Mafundo kwa nje yanabaki na nundu zao. Ukiyasawazisha ili yapendeze umekata nyuzi, na mwanzi utafunguka hapohapo.

Nyuso za gundi zote mbili nimezikwaruza kwa jani la msumeno wa chuma, mikwaruzo ya kufuata urefu, kisha mvule nikaufuta kwa asetoni. Mvule una mafuta yake, na dakika chache kabla ya gundi ndio wakati wa kuyafuta, si jana yake.

Gundi ni epoksi ya kopo mbili. Ile gundi nyeupe ya mbao tunayotumia kwenye vitanda ni imara, ila ikikaa chini ya mzigo wa kudumu inateleza polepole, na upinde ni mzigo. Kijana wangu aliichanganya kwenye kikombe, akaja mbio: "Fundi, kikombe kinaungua!" Epoksi ikikaa kwa wingi mahali pamoja hujipasha moto yenyewe na kuganda mkononi mwako. Tukaimwaga kwenye sinia, ikatulia, tukapaka pande zote mbili kwa kipande cha kadi.

Vibanio vyangu vya karakana havitoshi urefu huu, na hata vingetosha nisingevitumia. Tumefunga kwa vipande virefu vya tyubu ya baiskeli, tukizungusha kutoka kishikioni kwenda nchani, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpira unabana sawasawa kila mahali na haukandamizi kupita kiasi. Epoksi ikibanwa mno inatoka yote, unabaki na mbao mbili zilizogusana bila kitu katikati. Chini ya mpira kuna karatasi ya nailoni, la sivyo kalibu ingekuwa sehemu ya upinde.

Kishikio, kipande cha mbao ya mugavu, kimegandishwa upande wa tumbo kesho yake. Mugavu kwa rangi yake nyekundunyekundu juu ya mvule unapendeza. Hiyo sababu pekee ilinitosha.

Aprili

Mvua. Kalibu imefunguliwa, ncha zimerudi sentimita moja na kubaki na nne. Mstari wa gundi ni mwembamba, hauna uwazi popote. Nimeuning'iniza upinde juu dukani karibu na bati, kwenye joto, nikarudi kwenye madawati ya shule ambayo yalipaswa kuwa tayari zamani. Unyevu wa mwezi huu si wa kuchonga upinde.

Mei, katikati

Nimekata umbo kwa msumeno na kuanza kuifundisha mikono kukunja. Kazi hii ndiyo iliyonifanya nianze mradi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Ukutani nimepigilia ubao wenye kikalio cha kishikio juu yake, na chini sakafuni kuna roda. Kamba inatoka kwenye ugwe, inapita kwenye roda, inakuja mkononi mwangu nikiwa nimesimama upande wa pili wa karakana. Hivyo naona mikono yote miwili kwa mbali wakati inakunja. Kati ya kamba na ugwe nimeweka mizani ya kuning'inia, ya yule jirani anayenunua kahawa. Msimu haujafika, mizani imelala tu. Nyuma ukutani nimechora mistari ya chaki ili jicho lisidanganyike.

Sheria ni moja: kamwe usivute zaidi ya uzito unaoutaka mwishoni. Kama nataka kilo 18, basi hata siku ya kwanza, upinde ungali mgumu na ukikunja inchi chache tu, mizani ikigonga 18 naachia. Anayevunja sheria hii analiumiza tumbo kabla mkunjo haujasawazika, na majeraha ya tumbo hayaponi.

Mwanzoni nilitumia ugwe mrefu unaolegea, bila kuukaza upinde. Mkono wa juu ulikuwa unakunja karibu na kishikio tu, kutoka hapo hadi nchani umenyooka kabisa. Nikatia alama ya penseli mahali pagumu, nikakwangua hapo, na hapo tu. Kikwangulio changu ni kipande cha jani la msumeno wa zamani kilichonolewa pembeni. Kinatoa vumbi laini, si maganda, na hiyo ndiyo kasi ninayoitaka. Randa niliiacha mapema. Nyuzi za mvule zinazopishana zikikutana na randa zinang'oka, na shimo la nusu milimita kwenye mkono ni hasara kubwa kwa ile hesabu ya mara tatu.

Baada ya kila kukwangua navuta upinde mara nyingi, kidogokidogo, ndipo naangalia tena. Mbao haionyeshi mabadiliko papo hapo. Ukikwangua na kuangalia mara moja utadhani hujatoa kitu, utakwangua tena, na kesho yake mkono umelegea.

Mwishoni mwa siku mikono ilikuwa inakunja kwa upinde wa duara usio na kona, isipokuwa karibu na kishikio, nilipopaacha pagumu kwa makusudi. Kisha nikatengeneza ugwe mfupi, nikaukaza upinde kwa mara ya kwanza. Inchi 6 kati ya ugwe na kishikio. Mwanzi ulitoa mlio mmoja mdogo, nikasimama nao mkononi nikisubiri wa pili. Haukuja. Ilikuwa ni epoksi iliyovuja kando ikipasuka.

Mteja wa kitanda alikuwa mlangoni wakati huo. "Fundi, kumbe ndiyo sababu?" Nikampa stuli akae, nikamvutia upinde kwenye roda auone ukikunja. Hakuuliza tena habari za kitanda siku hiyo.

Juni

Mkono wa chini umeanza kubaki umepinda. Baada ya kuvuta hadi inchi 24 na kutoa ugwe, ncha ya juu bado imeinuka sentimita 3 kuelekea mgongoni. Ya chini imeshuka hadi moja na nusu. Hakuna vistari tumboni, nimetazama kwa tochi iliyolazwa kandokando ya mbao, mwanga unaoonyesha hata mkwaruzo wa msasa. Kwa hiyo tumbo la chini halijavunjika, ila limeanza kuelemewa.

Fundi mwenzangu mzee, aliyekuja kuazima keekee, aliutazama akasema niongeze ubao tumboni. "Palipo dhaifu paongezewe, mwanangu." Kwa mlango au dari ningemtii. Hapa dhaifu na imara vimegandishwa pamoja, na ukiongeza unene tumboni, sehemu ya nje kabisa inabanwa zaidi kuliko mwanzo. Nikamweleza kwa heshima kwamba naenda kupunguza upande ulio imara. Akatikisa kichwa, akachukua keekee, akasema atarudi kuona vipande.

Nimepunguza kingo za mwanzi kwa tupa, mkono wa chini wote, kutoka milimita 36 hadi 32, nikiacha tumbo na upana wake. Mteremko umekuwa mkali zaidi kutoka tumboni kwenda mgongoni. Mwanzi ukiwa na eneo dogo unanyooka zaidi, na ule mstari wa katikati ambao haunyooshwi wala haubanwi unasogea kuelekea tumboni. Je, kubanwa kwa tumbo kumepungua kwa nusu? Hapana, si kiasi hicho. Ila hata sehemu ya kumi ni nafuu kwa mvule. Mwanzi utavumilia, ndiyo kazi aliyoumbiwa.

Kisha nimefanya vivyo hivyo mkono wa juu, ingawa haukulalamika, ili mikono iwe sawa.

Siku zilizofuata nimevuta hadi 26, kisha 28. Ncha ya chini imesimama palepale. Ya juu imeshuka kidogo kuifuata. Mzee amerudisha keekee. Ameushika upinde, ameuinua usawa wa jicho kama anavyokagua ubao, akaniambia nimtengenezee kijukuu chake upinde mdogo wa kuchezea.

Kasoro moja imebaki: mkono wa juu umejisokota kidogo, zawadi ya zile nyuzi zinazopishana, na ugwe ulikuwa unakaa milimita kadhaa kulia kwa kishikio. Wengine huondoa hilo kwa kupasha moto. Kwenye upinde wa epoksi ya kawaida sithubutu, kwa kuwa gundi hii huanza kulainika karibu nyuzijoto 60. Nimeongeza kina cha kikato upande mmoja kwa tupa ya duara na kukwangua ukingo ulio mgumu zaidi. Ugwe umerudi katikati. Kwa sababu hiyohiyo ya joto, upinde huu hautaachwa kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Juni, mwishoni

Kumalizia hakuna mengi. Msasa, namba 120 hadi 320. Kingo zote za mwanzi zimetolewa ukali, maana nyuzi zake huanza kunyanyuka pembeni. Ncha zimeongezewa vipande vya pembe ya ng'ombe kutoka kwa wachinjaji, ili ugwe usile mvule. Vanishi mara tatu, kishikio kimevishwa ngozi ya mbuzi.

Ugwe: uzi wa polyesta wa washona viatu, nyuzi nyingi zikasokotwa pamoja na kupakwa nta ya nyuki. Nailoni haifai, inavutika na kula mwendo wa mshale. Kanuni ya wapiga mishale ni kwamba ugwe ubebe angalau mara nne ya uzito wa upinde, kwangu ni kilo 72. Tuliufunga kwenye boriti ya karakana, mimi na kijana tukaning'inia sote wawili. Ulibeba.

Julai

Vipimo kwa mizani ya kahawa: inchi 12, kilo 6; inchi 16, kilo 9; inchi 20, kilo 12; inchi 24, kilo 15; inchi 28, kilo 18.2. Upinde unapanda kwa mwendo mmoja hadi mwisho, haukazi ghafla kwenye inchi za mwisho. Nikijumlisha eneo chini ya mstari huo napata jouli 52 hivi zilizohifadhiwa. Sehemu tu ya hizo ndiyo huenda kwenye mshale, iliyobaki hubaki ikitikisa mikono na ugwe.

Mishale ni ya vijiti vya mbao laini, gramu 26 kila mmoja pamoja na ncha ya chuma, hesabu iliyozoeleka kwa upinde wa ratili 40. Manyoya ni ya bata mzinga, na kila mshale umepewa manyoya ya bawa moja tu, ya kushoto yote au ya kulia yote. Ukichanganya, mshale hauzunguki vizuri angani. Shabaha ni magunia ya kahawa yaliyojazwa matambara, nyuma yake tuta la udongo. Kwa mita 20 mishale inakusanyika. Kwa mita 30 bado nalaumu upepo unaoshuka kutoka mlima Wanale.

Kila anayeuona anauliza kama ni wa kuwinda kanga. Nawajibu ni wa shabaha. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, kuwinda bila kibali ni kosa, uwe na bunduki au kijiti cha mkole, na mimi nina madawati ya kupeleka.

Agosti

Mwaka huu ni wa imbalu, tohara ya Wagisu, na tangu uzinduzi pale Mutoto ngoma za kadodi zinapita mbele ya karakana mchana na jioni. Kijana wangu haonekani kazini ila kwa bahati. Nimepata muda wa kupima upinde tena baada ya mwezi mzima wa kupiga: ncha zote mbili zimebaki na sentimita moja na nusu za mkunjo wa kinyume, uzito umeshuka hadi kilo 17.6 na umetulia hapo. Tumboni hakuna mstari.

Unaning'inizwa kwa vigingi viwili, umelala, bila ugwe.

Baba mmoja wa Kapchorwa aliyekuja kwenye sherehe ameupiga mara kadhaa, kisha akauliza wa binti yake wa kidato cha kwanza. Nimempima binti urefu wa kuvuta kwa kumfanya anyooshe mikono yote miwili, nikagawanya kwa mbili na nusu: inchi 25. Tumekubaliana ratili 24, mwanzi wa milimita 3 kishikioni, tumbo la mugavu, maana mvule wa mwimo umebaki kipande kifupi. Ameacha nusu ya malipo.